Mzee Issa wa Dizeli Alikuja Kukutafuta

Baba,

Shikamoo. Hapa Mfaranyaki hatujambo. Mahindi tumeshavuna, na ule ukuta wa jikoni ulioangushwa na mvua tumeujenga upya. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi ulipata mgeni, nami nikampokea.

Bodaboda ilisimama mlangoni, akashuka mzee mrefu mwenye baraghashia na mfuko wa korosho. Akasema anaitwa Issa, ametoka Namasakata, na kwamba mlifanya kazi pamoja kwenye reli, Tabora.

"Wewe ni binti wa Gama? Baba yako yupo?"

Nilimpa kiti, nikampa maji, ndipo nikamwambia kuwa ulitutoka kabla ya Kwaresima. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Mfuko aliendelea kuupakata.

Nilimjua kwa jina tu. Kwako alikuwa "yule wa dizeli." Ulitusimulia tangu tukiwa wadogo: kwenye injini ya mvuke mlikuwa wawili, yeye akiendesha, wewe ukiangalia moto na maji. Wazee waliowafundisha walikuwa wamechoma kuni. Ninyi mlikuta mafuta mazito, na injini ndefu zenye tangi la maji mbele na jingine nyuma. Kisha zikaja dizeli, mkaitwa mkasome upya. Yeye akaenda, mkagombana. Wewe ukarudi Songea kulima, mahali pasipo na reli. "Injini isiyochemka haina haja na mtu," ulisema. Yeye alipostaafu akarudi kwao Tunduru, na bado hamkutembeleana.

Akanieleza kilichomleta. Mjukuu wake alimpandisha treni ya umeme, kutoka Dar hadi Morogoro. Hakuona moshi, wala hakusikia mngurumo. Watu walikuwa wamelala. Aliposhuka alitamani kumsimulia mtu, akaona hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuona maji yakivuta mabehewa.

"Nikasema nitamfuata Gama. Nimwambie umeme umetustaafisha wote wawili, sasa tunagombania nini?"

Baadaye akasema kwamba kwenye dizeli walimpa msaidizi, kijana mzuri, lakini hawakuwa na la kuambiana. "Kwenye mvuke, baba yako asiponipa moto, siendi. Nami nisipomwambia mlima unakuja, mvuke unamwishia katikati. Ilibidi tuongee njia nzima."

Kisha akauliza kama uliwahi kumtaja. Nikamjibu ndiyo, mara nyingi. Sikumwambia ulimtajaje.

Tulikwenda makaburini kwa miguu. Yeye aliomba dua, mimi nikasali Salamu Maria, kila mmoja kwa sauti ya chini ili asimvuruge mwenzake. Alikaa chini kando yako muda mrefu. Sikusikia alichokuambia, wala sikusogea karibu. Nilimtandikia chumbani kwako, asubuhi nikamsindikiza stendi.

Pale stendi nilimwambia kwamba umemsamehe. Hukunituma, najua. Lakini alikuwa amesafiri kuja kupatana na mtu, na katika nyumba hii aliyebaki kuzungumza kwa niaba yako ni mimi.

Pumzika, Baba. Mwezi ujao nitakwenda Namasakata kumjulia hali, na nitamwita baba mkubwa. Ndivyo ningemwita tangu utotoni kama msingegombana.

Mwanao,
Veronika