Makatoni ya Geti la Nyuma

Kabiro, Kawangware
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na Mutheu yuko karibu akusomee polepole, si mbio mbio kama anavyosoma Biblia. Mbuzi wanaendeleaje? Nilisikia mvua ilinyesha upande wa kwa shangazi ikaturuka sisi. Kama ni kweli, basi mawingu ya Kitui yana upendeleo. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeisha, nakula na nalala. Nimeamua kuandika na kumpa Kyalo, mtoto wa mjomba, akuletee, kwa sababu kwa simu nikinyamaza kidogo tu unaanza kuuliza ni nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Ila kuna jambo nilifanya, na nataka ulisikie lote mpaka mwisho kabla hujaanza kunitetea.

Unajua kazi yangu ni ya stoo, kule nyuma ya supamaketi, si ile ya kaunta ambayo nasikia unawaambia watu kanisani. Malori yanaleta mali, sisi tunafungua, tunapanga, tunapeleka kwenye rafu. Kinachobaki ni makatoni, makatoni mpaka unachoka kuyaona. Halafu kuna zile mbao za paleti ambazo mizigo hukalishwa juu yake, nyavu za vitunguu, na mboga zilizonyauka ambazo hakuna mteja atazigusa.

Sasa, tangu kabla sijaandikwa kazi pale kulikuwa na mtindo ambao haukuandikwa mahali popote. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunakunja makatoni, tunayaweka nje ya geti la nyuma, na akina mama wanane wanayabeba kwenda kuwauzia wanunuzi wa karatasi. Walikuwa na zamu zao, leo hawa, kesho wale, na sijawahi kuwaona wakigombana. Lakini kabla ya kubeba, walikuwa wanaingia na mifagio yao na kufagia ua wote wa nyuma. Majani ya kabeji na sukuma yaliyooza walikuwa wanayatia kwenye magunia, wanampelekea mzee mmoja anayefuga nguruwe. Hakuna aliyewaomba. Wao wanafagia, sisi tunakunja. Ndivyo nilivyokuta.

Mmoja wao ni Mama Akinyi, jirani yangu, mjane kutoka upande wa ziwa. Mlango wake ni wa tatu kutoka kwangu katika ploti hii. Nilipofika Nairobi na begi moja, ndiye aliyenigawia nusu ya godoro lake, na ndiye aliyemwambia soja anayelinda lile geti kuwa kuna msichana Mkamba anayejua kazi. Yaani hata huu mshahara ninaokutumia ulitoka mdomoni mwake. Na yeye makatoni ndiyo yaliyokuwa yanamweka mjini na kumsomesha Akinyi. Nakukumbusha ili uone uzito wa yanayofuata.

Tuliletewa meneja mpya, Bwana Njoroge, kijana mwenye adabu, mtu asiyepiga kelele. Alitukusanya sote akasema kampuni inatupa vitu vingi mno, na makao makuu wanataka kila tawi lipunguze taka na litumie tena kile kinachofaa. Akauliza ni nani ana wazo. Watu wakaangalia viatu vyao. Mwaitu, unanijua. Nikainua mkono.

Niliongea kama mtu aliyepewa maikrofoni kwenye harusi. Nikasema kule Lindi, Kibera, kuna fundi anayezigeuza mbao za paleti kuwa viti na rafu, sasa kwa nini sisi tununue rafu mpya za mkate? Nikasema katoni ndogo zenye nguvu ziwekwe pale kaunta, mteja abebee unga na mafuta yake bila kununua mfuko. Nyavu za vitunguu nazo warudishiwe wale wanaotuletea vitunguu. Hayo yote yalikuwa mazuri na mpaka leo siyajutii. Lakini watu walikuwa wanatikisa vichwa, meneja anaandika kila neno, na mimi nikanogewa. Nikamalizia hivi: "Na hayo makatoni tunayoweka nje, kuna watu wanaishi kwayo. Ni mali, na sisi tunaigawa bure."

Nilitaka tu waone vile najua mambo. Walinipigia makofi. Kufikia jioni stoo nzima ilikuwa inaniita Waziri wa Taka, na sitakudanganya, hilo jina nililipenda.

Jumatatu nikakuta kufuli kubwa kwenye geti la nyuma. Ofisi ilikuwa imeshapatana na watu wa lori wanaonunua karatasi kwa jumla, waje kuchukua makatoni wao wenyewe. Saa nane akina mama wakaja, wakasimama nje na kamba zao mkononi. Soja akawaambia ni amri ya ofisi. Mimi nilikuwa ndani nakunja katoni, nawaona kupitia tundu la geti, na sikutoka.

Jioni nilimkuta Mama Akinyi ameketi mlangoni anachambua mboga. Akaniambia labda ni mambo ya siku chache. Akasema wenzake walikuwa wanawalaumu watu wa stoo, lakini yeye aliwaambia mimi Mwikali siwezi kukubali kitu kama hicho. Nikasema ndiyo, labda ni siku chache. Nikaingia kwangu nikafunga mlango. Mwaitu, niliona aibu hata nikashindwa kula.

Siku chache zikawa wiki. Mama Akinyi akaanza kuzunguka Lavington, kwa matajiri, akiuliza kwenye mageti kama kuna nguo za kufua. Yule mama ni wa umri wako, na vidole vyake wakati wa baridi havikunjiki vizuri. Kila jioni alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kazi ilikuwaje, na mimi nikajibu kwamba ilikuwa poa. Nilikuwa namkwepa. Nilianza kuchota maji asubuhi na mapema ili tusikutane kwenye mfereji.

Kule kazini nako mambo yakaharibika. Tuliambiwa sisi wa stoo ndio tufagie, lakini lori la mali likiingia, ufagio unatupwa pembeni na hakuna anayeukumbuka tena. Mboga zikarundikana kando ya makatoni, pakiti za maziwa zikapasukia hapo, panya wakahamia na familia zao. Kisha siku moja watu wa lori walikuja kuchukua makatoni, wakafungua marundo mawili, wakaona yameloa na yana majani ya kabeji ndani, wakakataa kupakia. Walisema katoni chafu inaharibu mzigo mzima. Ikabidi yote yaende dampo, hata yale makavu. Yaani duka likawa linatupa vitu vingi kuliko kabla sijainua mkono wangu.

Bwana Njoroge alikuja ule ua wa nyuma, amejifunika pua na leso. Akatuuliza, "Kwani hapa nyuma nani alikuwa anafagia?"

Nikaona wenzangu wananiangalia mimi, Waziri.

"Ni wale akina mama umewafungia geti," nikasema.

"Na nani alikuwa anawalipa?"

"Makatoni."

Basi nikamweleza yote, habari ya zamu, ya mzee wa nguruwe, na vile walikuwa wanatenga makavu na mabichi bila kuambiwa na mtu. Nikamwambia pia kwamba nilikosea siku ya mkutano, kwa sababu nilisema tunagawa bure, na haikuwa bure. Nilijua anaweza kuniambia nikachukue begi langu. Lakini hakunifokea. Alisema makao makuu hawajali makatoni yanaenda kwa nani, shida yao ni yasifike dampo, na kumbe hapo awali hayakuwa yakifika. Akaamuru kufuli itolewe, akina mama wapewe glavu, na ile sehemu ya ua iliyoezekwa mabati iwe yao ya kuwekea makavu. Halafu akanituma mimi niwaite.

Nilimkuta Mama Akinyi anaanika nguo za watu. Nikamwambia geti limefunguliwa. Kisha, kabla hajafurahi, nikamwambia ni mimi niliyelifungisha. Nikamsimulia kila kitu, mkutano, mkono, makofi. Aliendelea kuanika. Akatoa pegi mdomoni, akabana shati, akaninyooshea mkono nimpe lingine.

"Nilijua," akasema. "Soja aliniambia hiyo siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja nisikie kwako."

Nikalia, pale pale kwenye kamba za nguo, ploti nzima ikinitazama. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nguo zikaisha kwenye beseni, ndipo akaja akasimama mbele yangu.

"Siku ingine ukitaka kusifiwa, nyathina, kuja kwangu. Mimi nitakusifu."

Nyathina kwao ni mtoto wangu. Akaingia ndani kutafuta kamba yake ya makatoni.

Walirudi saba. Wa nane alikuwa amechoka kungoja, akafunga vitu vyake akarudi kwao Machakos, na namba yake ya simu haishiki. Wenzake bado wanamwachia zamu yake, na siku hiyo ikifika hawajui wafanye nini na yale makatoni, kwa hivyo wanagawana bila kuongea sana. Ua umekuwa safi. Zile rafu za mkate zimetoka kwa fundi wa Lindi, ni imara kweli, na meneja alinisifu tena mbele ya watu. Safari hii na mimi niliangalia viatu vyangu.

Nisalimie Mutheu, na umwambie asiruke ile sehemu niliyolia, asome yote. Msalimie shangazi Kaveke, mwambie atugawie hiyo mvua. Mzee Musyoka wa kwaya mwambie sauti yangu bado ipo, ingawa huku naimba nyuma. Mjomba naye asiwe na wasiwasi juu ya Kyalo, anafanya kazi na kanisani anaonekana.

Kyalo akirudi huku, mpe ndengu kidogo amletee Mama Akinyi. Amwambie kwamba ni wewe umezituma. Nikimpa mimi atafikiri nalipia, na kile kitu, Mwaitu, hakilipwi kwa ndengu.

Ni mimi binti yako,
Mwikali