Kura Ni Kura

Jumanne, 23 Februari 2016

Tunapewa uhuru! Miaka minane tunasali kwenye besmenti ya kanisa la Wazungu hapa Columbia Heights, kila kitu kwa ruhusa yao, hata kuwasha jiko. Sasa pasta wao, Gretchen, anasema Pasaka tutajitawala. Kwanza tuchague baraza la mpito, watu saba, litunge katiba. Jumapili nilitafsiri mimi: "Mtachagua kwa kura." Makofi! Mimi Mkenya niliyeolewa kwa hawa Wakongo, na uchaguzi naujua. Sikupiga makofi.

Alhamisi, 25 Februari

Si nilijua? Mume wangu Sosthène anataka kiti cha kuongoza baraza. Murhula, mwenzake wa kazini, naye anakitaka. Watu wa Uvira huku kwetu, wa Bukavu kule kwa Murhula, salamu za shingo upande. Siku zote hawa wawili huenda kazini Shakopee kwa gari la Murhula. Leo honi haikulia. Sosthène amehangaika na mabasi, akachelewa, akapewa onyo. Akichelewa tena, kazi hana. Kisa kiti cha besmenti! Nimemwambia, amenuna. Naogopa sana. Kanisa litapasuka kabla halijazaliwa.

Jumapili, 28 Februari

Sijacheka hivi tangu niingie Minnesota. Nimefika na karatasi na kalamu za kupigia kura — namkuta Mama Nyiraneza wa kwaya na sufuria yake ya sombe, kisamvu chao, imesuguliwa inang'aa, ndani majina yetu yote yamekunjwa. Ya nini?

"Si ni weye ulisemaka kura? Kama mitume!"

Nikasema hapana, ni uchaguzi, élection.

"Élection ni ya politique, mama. Huku Mungu ndiye anachagula."

Amina, kanisa zima! Kumbe wote walinielewa hivyo, kura ya kuokota majina, isipokuwa wagombea wawili. Na nani angesimama kumkatalia Mungu? Murhula alirudi kukaa. Sosthène akalegeza tai yake mpya.

Yakatoka majina saba, Uvira na Bukavu mchanganyiko, mpaka Joyeuse ambaye hasemi hata akikanyagwa. Murhula hayumo. Sosthène hayumo. Wakatazamana, wakaanza kucheka. Sasa umnunie nani, sufuria? Moyo wangu umetulia. Asante Mungu.

Jumatatu, 29 Februari

Honi imelia! Sijawahi kupenda kelele namna hii. Sosthène ametoka mbio na chapati mdomoni.

Baadaye simu, Pasta Gretchen. Hongereni! Ila wakubwa wake wanataka kujua kila mmoja alipata kura ngapi.

"Moja," nimesema. Si uongo, kila jina lilitoka mara moja.

"Wote saba?" ameuliza.

"Wote saba."

Amecheka kidogo, halafu akaacha. Anakuja tuongee. Akisema turudie kwa karatasi, basi honi ndiyo hiyo imekwisha. Nimebandika chai. Sufuria ya Mama Nyiraneza ilibaki kwangu tangu jana, nimeiweka katikati ya meza, aione mwenyewe, nimweleze ukweli wote. Gari lake hilo, linaingia —