Kushoto kwa Mama

Mwenzangu, nakuandikia nikiwa hospitalini.

Nimefika wodini, kitanda cha Mama kitupu, hata shuka limeondolewa. Nikamuuliza nesi Mama yuko wapi. Akajibu bila kuinua macho: "Left."

Left! Nikajua ameshatutoka. Nikapiga yowe.

"Dada, kushoto! Tumemhamishia chumba cha kushoto!"

Nikamkuta Mama amelalia ubavu wa kushoto, ananicheka. "Diploma yote ile, mwanangu, na kushoto hukujui?"

Kisha akasema, "Mbona mimi nilielewa? Asubuhi daktari alimwambia mwenzake sijui 'fyu deiz', mwisho 'left'. Nikageukia kushoto anipime."

Siku chache zimebaki, mwenzangu. Hilo ndilo alilosema daktari.

Sikumwambia. Nimemfunika tu. Bado ameulalia ubavu huohuo, anamsubiri daktari arudi.