Soli ya Miaka Mitano

Jumatatu, 3 Machi

Ugoko wa kulia umeanza tena. Si goti, si kifundo, ni ule mfupa wa mbele tu, kama kuna mtu anaupiga msasa kwa ndani. Nimekimbia kilomita nne, nikarudi nyumbani nikishika kuta. Mbio zenyewe ni tarehe sita Aprili. Kilomita arobaini na mbili. Hongera zangu.

Nani alinituma? Mdogo wangu. Tangu aliyekuwa shemeji yangu afungashe virago, huyu binti hajaniomba kitu, hata kiberiti. Mwezi wa kwanza akaja dukani, akasema dada, nataka kukimbia marathoni, tukimbie wote. Mimi, mwenye miaka arobaini na moja, ninayeshinda kwenye kigoda nikishona viatu vya watu. Ningekataa ningeonekana sina utu. Nikasema sawa.

Jumatano, 5 Machi

Kundi letu la mazoezi lina watu kumi na mmoja na wote ni madaktari. Kamanda, mwalimu mstaafu wa udereva anayetuongoza kwa filimbi, kasema nichue kwa mafuta ya moto. Muuza vioo kasema hapana, barafu. Karani wa benki kasema maumivu mengi ni mawazo tu. Asante sana, karani.

Angalau kuna kitu cha kujivunia — wenzangu wote kumi wanakimbilia soli zangu. Raba zinakuja kutoka dukani na soli laini kama mkate, baada ya miezi minne zimekwisha. Mimi nabandua hiyo takataka, nabandika mpira mgumu, tabaka mbili, nashona pembeni kwa mkono. Miaka mitano hiyo, labda uzikwe nazo. Baba ndiye aliyeniachia duka alipostaafu, na ndivyo alivyonifunza: kiatu kikirudi kwako kabla ya mwaka, umeaibika. Mdogo wangu ndiye mpiga debe wangu. Kila anayejiunga na kundi analetwa kwangu na viatu vyake kabla hajajua hata jina la Kamanda.

Jumatatu, 10 Machi

Mafuta ya moto yameshindwa, leo ni barafu. Mteja kaingia kanikuta na mguu ndani ya ndoo. Kauliza kama nimefunga duka. Nikamwambia hapana, karibu, leo naosha nyenzo.

Jioni Muuza vioo naye alikuwa anachechemea. Kasema ni uzee. Ana miaka ishirini na sita.

Alhamisi, 13 Machi

Karani wa benki hakuja mazoezini. Ugoko, wanasema. Mawazo hayo.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa mtaalamu wa viungo. Kijana mpole, ana vidole vya chuma. Kabonyeza ugoko mpaka nikataja ndugu zangu wote waliotangulia. Kisha kaomba viatu.

Kajaribu kukikunja kimoja. Hakikunjiki. Kakigonga mezani — ngo, ngo — nikadhani kuna mtu mlangoni. Kauliza nani kanifanyia hivi.

Nikamwambia kuna fundi mmoja, huko mtaani kwetu.

Kasema huyo fundi asikaribie tena miguu ya watu. Nikamwambia nitamfikishia salamu.

Basi akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Ule ulaini ninaoutupa kwenye pipa ndio kiatu chenyewe. Ndio unaopokea kishindo. Ukiutoa, kishindo kinapanda moja kwa moja ugokoni, hatua baada ya hatua, maelfu kwa siku. Mtu akiendelea kulazimisha, mfupa unapata ufa. Mimi nipumzike wiki sita. Mbio hakuna.

Njiani nimewahesabu. Kumi na mmoja pamoja na mimi mwenyewe. Miguu ishirini na miwili niliyoiharibu kwa ustadi mkubwa, kwa uzi wa nta na mishono iliyonyooka. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumatano, 19 Machi

Nimemuuliza Baba kwa kuzunguka: je, enzi zake aliwahi kutengeneza viatu vya kukimbilia? Kaniangalia kama nimeuliza kofia za kuku. Kasema viatu ni viatu.

Basi, hayo ndiyo maarifa ya ukoo. Nimeyapokea yote.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nilitaka kuwaambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno kabisa. Nikaanza vizuri: jamani, mimi sikimbii, daktari kakataa, nitagawa maji. Wakasema pole, pole sana. Halafu ulimi ukageuka njia yake. Nikasikia nawaambia walete viatu vyote dukani, fundi anataka kuvikagua kabla ya mbio, bure.

Kamanda kapuliza filimbi. Kasema huyu ndiye mtu anayejali wenzake. Wamenipigia makofi. Nimesimama nikayapokea, na kichwa nimeinamisha kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 27 Machi

Jozi tisa. Nimebandua soli zangu mwenyewe kwa koleo, moja moja, na zilivyoshikilia! Hakuna aliyewahi kushona vibaya vizuri kama mimi. Nimeweka sponji nene na soli nyembamba inayokunjika. Zitakwisha kabla mwaka haujaisha, na ziishe tu.

Wamekuja kuvijaribu. Wamesema vimekuwa vyepesi. Karani kasema mikono yangu ina baraka. Nikamwambia ni mawazo tu.

Jozi ya mdogo wangu haijaja.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemfuata kwake. Ametoka kazini, kule chekechea, kakaa na miguu juu ya stuli. Aliponiona akaishusha haraka na kuvuta gauni. Lakini nilishaona. Ugoko wa kulia umevimba, ngozi inang'aa.

Nikamwambia nipe viatu, saa moja tu navirudisha. Kakataa. Kamanda kasema wiki ya mwisho mtu asibadilishe kitu, hata soksi. Nikamwambia Kamanda ni fundi wa gia. Hakucheka.

Kasema: "Dada, mwaka huu kila nilichoshika kimebomoka mkononi. Hivi viatu tu ndivyo havijabomoka. Umevishona wewe. Niachie."

Najua mtu mwenye haya angejibu nini. Mimi nilimwambia anywe maji mengi.

Nimejichukia njia nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeandika kwenye simu: zile soli ndizo zinazokuumiza, usizivae. Nimefuta. Nimeandika: lala mapema. Hiyo nimetuma. Fundi shujaa.

Kajibu kwa picha ya moyo na picha ya kiatu.

Jumapili, 6 Aprili

Meza ya maji, kilomita ya thelathini na mbili. Naandika nyuma ya kipande cha katoni, nitakibandika humu baadaye. Saa nne na robo.

Muuza vioo kapita, mwepesi, kaninyooshea dole gumba. Karani kapita bila wazo hata moja. Kamanda kapita na filimbi mdomoni, sijui anapumulia wapi. Wote wananiita fundi, fundi. Mdogo wangu bado.

Saa tano kasorobo. Bado. Waliokuwa nyuma yake kabisa kwenye mazoezi wameshapita.

Saa tano na dakika kumi. Namwona, pale kwenye kona ya kituo cha mafuta. Anatembea. Mguu wa kulia anauburuta. Mtu wa huduma ya kwanza anatembea kando yake, anamwonyesha gari. Mdogo wangu anatikisa kichwa.

Sasa wako karibu, nawasikia. Anamwambia haachi, zimebaki kumi tu. Anamwambia, unamwona yule mwenye aproni? Yule dada yangu. Hivi viatu kavishona kwa mkono wake. Yule mtu kaangalia viatu. Kisha kaniangalia mimi.

Amefika. Anatabasamu, midomo imekauka, jasho limekuwa chumvi usoni. Nimempa maji. Nimemketisha kwenye kreti. Kanywa kikombe cha kwanza, kanywa cha pili. Nimemwambia avue viatu.

Kauliza vina nini.

Nimechukua hii kalamu ili nisimtazame. Kauliza tena.