Kibuyu Nilibeba Mimi

Jumanne jioni.

Miaka themanini na mbili. Nimezika machifu watatu, na ile vita ya sisi na majirani haikunimaliza.

Leo, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mwalimu mstaafu aliwaambia wakulima kwamba chifu wetu wa wakati wa vita alileta amani kwa bahati tu. Nikamkatiza: “Wacha, mwalimu! Siku ya mapatano alikunywa maziwa ya adui kabla ya mtu yeyote, vita ikaisha.”

“Na wewe mzee, ulijificha wapi?” mwalimu akauliza.

Wakacheka, halafu wakampigia chifu makofi. Makofi kwa maiti! Namwonea wivu. Kibuyu cha maziwa hayo nilibeba mimi.

Niliambiwa nionje kwanza. Nikaogopa sumu, nikampa chifu. Hiyo sikuwaambia.

Moraa, wakati huo msichana wa upande wa adui, ndiye alinipa kibuyu, akaona yote. Bado yuko hai, anauza ndizi soko la Sosiot. Anayebisha amuulize. Mwalimu tu asiende.