Programu Imeandika “Kelele”

Jumanne usiku

Kelele. Ndivyo programu yetu mpya ya kupanga ushahidi ilivyoandika chini ya video ya mazishi aliyotuletea Mama Kemunto, mjane kutoka kijiji cha Nyaramba.

Kwenye video hiyo shemeji yake amesimama kando ya kaburi, anawaambia waombolezaji wote kwamba shamba la chai ni la mjane na hakuna atakayemtoa. Sasa shemeji huyohuyo ndiye anayemfukuza. Lakini aliongea Kikisii, na programu haijui Kikisii, kwa hivyo ikaitupa video kwenye folda ya vitu visivyohusika.

Nikamwambia bosi wangu, “Wakili, mimi nimesikia kila neno. Niruhusu nitafsiri.”

“Mfumo umeshachuja,” akasema. “Kesi ni Alhamisi. Tusianze upya.”

Mama wa watu amekaa pale kwenye benchi, simu ameikumbatia kwa mikono miwili. Nilishindwa hata kumtazama.

Na huyu wakili ni mtu wa Sironga, hukohuko Ukisii. Kazaliwa huko, kalelewa huko. Alizima kompyuta, akamgeukia yule mama, akamwambia aende nyumbani asiwe na wasiwasi.

Kwa Kikisii safi kabisa.