Dhiraa Moja Bila Lipu

Jumatatu, 21 Julai

Baridi kali. Umande umeganda kwenye majani ya bustani kama chumvi. Jua lipo, joto hakuna. Teksi mbili kutoka Malvern ninakoishi, nimefika kazini saa moja na nusu.

Nyumba tupu. Mama Zelda ameondoka jana kwenda Cape Town kumwona kitukuu wake wa kwanza. Atarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Ameniachia funguo na amri moja: nipumzike. Siwezi. Nimeanza na jikoni. Masufuria ya nyama kabati la kushoto, ya maziwa la kulia, kama dini yao ya Kiyahudi inavyotaka. Vitambaa vyekundu na vya bluu visikutane hata kwenye kamba ya kuanikia. Miaka mitatu kwa Mama Zelda, sijakosea hata kijiko. Thandeka, anayefanya kazi nyumba ya jirani, husema mimi ni Myahudi kuliko waajiri wake.

Mchana nimesafisha ukumbi. Lile doa liko palepale. Ukifungua mlango wa mbele linakutazama usoni: matofali matupu, hayana lipu wala rangi, katikati ya ukuta mweupe. Leo nimelipima kwa mkono. Kiwiko hadi ncha ya kidole, kwenda juu na kwenda kando. Nadhani maji yaliwahi kuvuja hapo. Mjane wa miaka themanini na nne, nani wa kumletea fundi?

Nachukia ukuta usiokwisha. Nimekulia katika nyumba ya hivyo, kwetu Uvira. Baba alipiga lipu kuta tatu za sebule, simenti ikaisha. Kila mwaka alisema mwakani. Wageni wakija niliweka kiti changu mbele ya matofali, kana kwamba mgongo wa mtoto unaweza kufunika ukuta.

Nimeamua. Akirudi atakuta ukuta mzima. Zawadi yangu kwa ajili ya kitukuu.

Jumatano, 23 Julai

Baridi imepungua kidogo. Upepo na vumbi.

Baba Aline amekuja. Tunapanga ua mmoja Malvern, naye ni wa Uvira kama mimi. Fundi wa lipu. Hataki pesa yangu, ametaka ugali wa muhogo na ndagala, wale samaki wadogo wa kwetu. Hapo tumeelewana haraka.

Ameliangalia doa muda mrefu.

"Dada Riziki, maji gani haya yanayovuja kwa pembe nne sawasawa?"

"Piga lipu, Baba Aline. Maswali utakula nayo jioni."

Amepiga. Mwiko wake unateleza kama anapaka siagi. Hakuna alama hata moja. Nimepitisha kiganja, sikuweza kujua ya zamani inaishia wapi na mpya inaanzia wapi. Amejisifu hadi kituo cha teksi. Nimemwachia, amestahili.

Nina furaha sana. Nimeandika hivyo ili nikumbuke.

Ijumaa, 25 Julai

Anga safi. Rangi niliyopaka jana imekauka.

Siku mbaya.

Saa nne Thandeka ameingia kuomba sukari. Ameona ukuta. Ameweka mkono mdomoni, kisha ameutoa, kisha ameurudisha.

"Hau, Riziki! Umelifunga Hekalu la Gogo?"

Gogo ni bibi kwa lugha yake, lakini Hekalu sikuelewa. Amenikalisha jikoni na kunieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Si doa. Watu hawa huacha dhiraa moja ya ukuta bila kumaliza, mkabala na mlango, ili kila anayeingia akumbuke nyumba ya Mungu iliyobomolewa Yerusalemu. Hata nyumba iwe ya tajiri. Nyumba isikamilike kabisa wakati ile haipo. Na hili la Mama Zelda aliliacha marehemu mume wake, Mzee Aron, walipohamia hapa. Mama Zelda huligusa kila akitoka. Thandeka amemwona mara nyingi kupitia dirisha.

Tena, anasema, hizi ndizo wiki za maombolezo yenyewe. Wiki hizi hawaoi, hawanyoi, na kuanzia kesho hata ukuta hawapambi. Katika mwaka mzima nimechagua wiki hii.

"Miaka mitatu, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, dada. Unaniuliza bei ya nyanya tu."

Eish.

Sukari ameisahau mezani. Jikoni sijakosea hata kijiko, ukumbini nimefuta kumbukumbu ya mume wa mtu. Naogopa. Siogopi kufukuzwa. Naogopa uso wake akifungua mlango.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani baridi, wote tumekaa na makoti.

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasoma kitabu cha Wafalme chini ya benchi. Nazijua habari hizi za Hekalu tangu shule ya Jumapili, nilipata zawadi ya daftari kwa kuzikariri. Nguzo mbili za shaba. Sanduku la agano chini ya makerubi. Meza ya mikate. Vinara vya dhahabu. Nilijua urefu wa kila kitu kwa dhiraa. Sikuwahi kujiuliza vilienda wapi. Kwangu habari iliishia siku ya sherehe, Sulemani amesimama, wingu limejaa nyumba.

Leo nimesoma mpaka mwisho. Wababeli waliingia, wakachoma, wakavunja shaba vipandevipande wakabeba. Hata vijiko vimeandikwa. Mtu fulani alikaa akaandika vijiko. Huyo ningemwelewa. Na Thandeka anasema walijenga tena, wakaja Warumi wakachoma tena. Kinara cha matawi saba kikabebwa mabegani mwa askari. Sanduku hakuna anayejua liliko.

Baada ya ibada nimemwambia Baba Aline abomoe. Amekasirika kweli.

"Miaka ishirini napiga lipu. Nimeitwa kutengeneza, nimeitwa kurudia. Sijawahi kuitwa kuharibu kazi nzuri."

"Ni nzuri mno. Ndiyo shida."

Hilo limempoza. Kesho atakuja.

Jumatatu, 28 Julai

Jua. Mikono imepasuka kwa baridi na simenti.

Tindo na nyundo tangu asubuhi. Lipu ya Baba Aline haitoki. Ameitukana kwa Kifaransa, kisha akaisifu, kisha akaitukana tena. Ilipotoka ilitoka na jirani yake: upande wa kushoto kipande kikubwa kimeanguka, doa likawa pana kama mlango wa mbuzi.

Kwa hiyo amechanganya simenti upya na kupiga lipu pembeni, ili uharibifu urudi kwenye kipimo. Mimi nimesimama mkono umenyooka ukutani kama rula. Kiwiko hapa, kidole pale. Thandeka alikuwa mlangoni, amecheka hadi ameshika mwimo.

"Warumi walifanya haraka kuliko nyinyi!"

Jioni doa lipo. Dhiraa kwa dhiraa. Lakini matofali ni mekundu mabichi, kama nyama. Ya zamani yalikuwa ya kahawia, yamezeeka. Mtoto angejua.

Jumatano, 30 Julai

Mawingu, mvua hakuna. Julai hapa haina mvua.

Nimejaribu vumbi la bustani, limeanguka. Nimejaribu masizi ya mahali pa moto. Yamekuwa kama jiko la kijijini, nimeosha. Mwisho nimechemsha rooibos, chai nyekundu ya huku, majani nusu pakiti, nikapaka kwa brashi mara tatu. Rangi imefanana. Imefanana kabisa. Baba Aline nimemtumia picha, amejibu kwa dole gumba na neno moja la huku: sharp, yaani safi.

Nimeridhika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha aibu. Nimemdanganya bibi kwa majani ya chai.

Kesho anarudi. Nitasema au sitasema? Ukuta umefanana. Sitasema. Halafu atakuwa anaugusa kila asubuhi akidhani ni mkono wa Mzee Aron, nami nimesimama nyuma na ufagio.

Nitasema.

Alhamisi, 31 Julai

Asubuhi baridi, mchana wa kupendeza.

Nimepanga maneno tangu alfajiri. Sikuyatumia.

Amefika saa tisa. Amegusa kile kisanduku kidogo cha maandiko matakatifu kwenye mwimo wa mlango, amebusu vidole, ameingia. Mimi na sanduku la nguo nyuma yake. Akasimama mbele ya ukuta. Nikasimama. Akasogea. Akasogea tena, mpaka pua ikakaribia tofali.

"Riziki. Kwa nini Yerusalemu inanukia rooibos?"

Nimesema yote. Bila mpangilio. Lipu, Thandeka, tindo, kipande kilichoanguka, masizi, chai. Hata ndagala nimezitaja, sijui kwa nini. Amekaa juu ya sanduku la nguo akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Nikajua nimemliza. Nikapiga magoti.

Alikuwa anacheka. Alicheka hadi miwani ikaanguka.

Kumbe mimi ni wa tatu kuliziba. Wa kwanza walikuwa mafundi rangi, mwaka ambao Mzee Aron alilazwa hospitali. Wa pili mkwe wake mwenyewe, alitaka kumshangaza. Mara zote mbili Mzee Aron alikwangua upya, akitukana kwa lugha ya mama yake.

"Hekalu lenyewe lilibomolewa mara mbili," amesema akifuta macho. "Nyumbani kwangu limejengwa mara tatu. Sipati nafasi ya kulilia!"

Kisha amechunguza kazi kwa makini, mkono wake mdogo ukutani, kiwiko hadi kidole. Mkono wake ni mfupi kuliko wangu. Amesema Mzee Aron naye alikuwa na mikono mirefu. Nimwambie fundi amefanya vizuri, ila kona ya kushoto imepinda. Baba Aline hatalala leo.

Jikoni, tukinywa chai, nimemuuliza lile lililonikera tangu Jumapili. Sanduku la agano. Liko wapi, anavyofikiri yeye?

"Sijui, mpenzi. Najua tu halipo humu. Lingekuwepo ungekuwa umeshaling'arisha."

Kweli. Ningefanya hivyo. Kila Jumanne, pamoja na vinara vya fedha.

Jumapili, 3 Agosti

Asubuhi kimya, ukungu mwembamba, ndege mmoja.

Nimelala hapa tangu jana, chumba cha nyuma. Leo ni siku yao ya kufunga kwa ajili ya Hekalu na wana wa Mama Zelda hawapo mjini. Sikwenda kanisani. Wakiuliza, nitaeleza.

Thandeka alinionya: siku hii hawasalimiani. Kazi ngumu kuliko lipu. Asubuhi nimekutana na Mama Zelda ukumbini, mdomo umefunguka wenyewe, nimeufunga kwa kiganja. Ameona. Ametabasamu.

Alivaa viatu vya kitambaa. Alikaa kwenye kigoda kifupi mkabala na matofali, akasoma Maombolezo kwa sauti ya chini. Sikuelewa neno. Nikakaa sakafuni. Hakuniomba. Dawa yake amemeza na maji, daktari alishamwambia asiache. Harufu ya rooibos bado ipo ukikaribia.

Niliyatazama matofali mpaka mchana. Sikuona haya.

Nyota zilipotoka nimempa yai na chai. Ndipo akaniambia, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, "Habari za jioni, Riziki." Nikamjibu nzuri, mara tatu.

Baadaye nimempigia kaka yangu, Uvira. Katika nyumba ya Baba sasa wanaishi watu tusiowajua. Nimemuuliza kama wameupiga lipu ule ukuta wa sebule. Amecheka. Kati ya yote, hilo ndilo ninalouliza? Bado, amesema. Alipita juzi, mlango ulikuwa wazi, matofali yako vilevile.

Nimefurahi.

Naenda kulala, saa nne kasorobo.